Jina letu halikutoka sokoni: siku kumi kurudi nyuma toka Songea mpaka mto Zambezi

Siku ya 1

Tumeondoka stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri kabla hakujapambazuka. Konda kachukua tiketi yangu, kamulika na simu, kasoma jina kwa sauti, "Soko? Soko lipi dada, Kariakoo au Ilala?" Siti za mbele wakacheka. Mimi nna miaka 46 sasa na hilo swali nmeanza kulisikia toka darasa la kwanza, mwalimu akiita majina darasa zima linapiga kelele "bei gani!", na miaka yote nilikua nacheka nao tu yaishe. Leo sikucheka. Nikamwambia ni jina la ukoo kaka, la babu yangu na la baba wa babu yangu, akasema samahani dada angu akaendelea na tiketi zingine.

Niseme mapema naenda wapi na kwanini. Ukoo wetu ni Soko, Wangoni wa Songea. Tanzania tuko wachache sana, katika maisha yangu yote ya Dar nmekutana na Soko ambaye si ndugu yangu mara moja tu, na kila mtu anafikiri ni soko la kununulia nyanya, lile neno lililotoka kwenye Kiarabu. Mpaka kaka yangu cheti chake cha kuzaliwa ofisi moja wakamwandikia "Sokoni" kwa sababu aliyekua anaandika alidhani mzee kakosea, na mpaka leo kaka watoto wake wote wanaitwa Sokoni, yaani ukoo umekatika hivihivi kwa kalamu ya mtu mmoja. Hilo linaniuma kuliko kuchekwa. Baba alivyofariki mwaka juzi nikajiambia kabla na mimi sijaondoka lazima nijue hili neno lilikua linamaanisha nini kwa yule wa kwanza aliyeitwa hivyo.

Njiani sina mengi. Mikumi nyani wamekaa pembeni ya lami kama kawaida yao, mmoja ana mtoto mgongoni, dereva akapunguza mwendo. Kitonga malori yamepanda taratibu tukakaa nyuma yao. Makambako tukaiacha barabara ya Mbeya tukakata kushoto, Njombe baridi, Songea tumeingia usiku.

Siku ya 2

Nmeenda Makumbusho ya Majimaji, pale Mahenge, hapohapo mjini. Nilishawahi kuja nikiwa shule ila utotoni unaangalia mikuki na ngao unatoka. Safari hii nmesimama muda mrefu kwenye kaburi la pamoja. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa viongozi na wapiganaji wa Kingoni, wengine walibatizwa kabla ya kupelekwa kwenye kamba, alafu wakafukiwa pamoja. Nduna Songea Mbano (nduna ni mkuu wa jeshi chini ya mfalme), ambaye mji unaitwa kwa jina lake, kaburi lake liko peke yake na familia inasema kichwa chake hakimo, kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja mpaka hapa Songea akaomba msamaha mbele ya wajukuu na vitukuu.

Mimi macho yangu yalikua kwenye majina. Gama, Mbano, Tawete... Kwa Wangoni jina la ukoo ni kitu kizito, ndo kitu cha kwanza mtu anakuuliza, hakuulizi unafanya kazi gani. Na ukiyapanga majina ya ukoo ya Songea ni kama umepanga vituo vya basi. Gama na Tawete ni ya kule kusini kabisa, nchi ya Waswazi (Eswatini ya leo) na Uzulu. Wangoni wa huku walikua na falme mbili, wakina Gama ndo waliokua watawala wa Njelu, Tawete watawala wa Mshope. Alafu kuna majina waliyoyaokota njiani, alafu kuna ya wenyeji waliokutwa hapahapa, Wandendeule, Wamatengo, Wapangwa na wengine, hao zamani waliitwa sutu, yaani watu waliotawaliwa wakaingizwa ndani. Leo wote ni Wangoni, wote wanaongea Kingoni ambacho ukweli ni lugha ya huku huku, Mzulu akija hapa haelewi kitu. Lugha ilipotea kwenye vizazi viwili vitatu tu kwa sababu akina mama walikua wa huku na mtoto anaongea lugha ya mama yake. Jina la ukoo likabaki.

Na Soko je, liko kituo gani? Nyumbani jibu lilikua moja: sisi ni Wazulu. Baba alikua anasema hivyo akiwa amekaa wima kabisa.

Siku ya 3

Asubuhi na bodaboda mpaka kwa shangazi, ng'ambo ya Peramiho. Shangazi ndo mkubwa wa ukoo aliyebaki, dada yao wa kwanza, anakaribia miaka 90, macho yamepungua ila masikio yake ni mazima na kumbukumbu ndo usiseme.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, umekuja kwa ajili ya daftari."

Sikumwambia mimi. Alijua tu. Akamtuma mjukuu ndani akalete daftari, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni mara tatu. Babu aliandika mwenyewe kwa peni ya bluu, herufi zimelala upande wa kulia, ukoo wote kuanzia chini kwenda juu: sisi wajukuu chini kabisa, juu yetu wakina baba na shangazi, juu yao yeye, juu yake baba yake, juu zaidi babu yake ambaye pembeni ameandikwa "alikuja kijana na Nkosi Zulu Gama", nkosi maana yake mfalme. Juu ya huyo hakuna jina la mtu, kuna neno moja tu amelipigia mstari mara mbili: Uzulu.

Nikamuuliza shangazi, babu alijuaje ni Uzulu? Akanishika sikio. Kanishika hivi, sehemu ya chini ya sikio, akaibonyeza na kidole gumba. Akasema, "Babu yangu mie, baba yake baba, alikua na tundu hapa. Kubwa, unaingiza kidole. Nilikua mdogo nakaa mapajani kwake naingiza kidole kwenye tundu ananifukuza. Ndo alama ya Mngoni wa kweli hiyo, ndo ya Uzulu." Kweli Wangoni wa zamani walitoboa masikio, hilo hata vitabu vinasema, basi na mimi nikaandika kwenye daftari langu.

Alafu ikaja habari nyingine ambayo shangazi aliisema wakati tunapepeta mahindi, wala hakuisema kama habari. Nyuma ya nyumba kuna msitu mdogo, tumbili wanatoka wanaiba. Watoto wa jirani wakawa wanawarushia mawe. Shangazi akamfokea mjukuu wake asirushe. Nikamuuliza mbona mahindi yanaisha? Akasema "sisi haturushi. Baba alikua hataki. Nyani, tumbili, huli, hupigi, ukimkuta amekufa unamfunika na majani unapita. Ukila meno yatang'oka."

Kwanini?

"Alikua anasema tu hao ni wenzetu."

Sijui kwanini ile kauli iliniganda. Nmeikulia, hata baba alikua hapigi tumbili na sikuwahi kujiuliza, nilifikiri ni huruma ya wanyama tu.

Mchana tukapita parokiani, padri kanifungulia kitabu cha ubatizo cha zamani. Karatasi zimekua za rangi ya chai. Mstari wa babu upo, wino umefifia kahawia, jina la ubatizo, jina la baba, alafu Soko, na ile S kubwa imezungushwa mkia kama ndoano. Mmisionari yule aliandika sawasawa jinsi alivyolisikia. Herufi nne. Nimeweka kidole pembeni yake nikapiga picha, nikamtumia kaka.

Wakati naaga shangazi akanipa daftari la babu. Nilikataa, akasema chukua, wewe unatembea mimi sitembei.

Siku ya 4

Songea mpaka Mbeya, siku nzima ndani ya basi. Sina la kuandika zaidi ya kwamba nmelisoma daftari mara nne.

Siku ya 5

Tukuyu migomba na chai mpaka unachoka kuangalia, alafu unashuka joto linaanza, Kasumulu, boda. Pasipoti ikagongwa, nikabadili shilingi kupata kwacha ya Malawi, nikavuka daraja la mto Songwe. Yule ofisa wa upande wa Malawi alipofungua pasipoti akasoma jina akaniangalia vizuri usoni. Akasema kwa Kiingereza, wewe ni wa huku? Nikamwambia hapana natoka Tanzania. Akasema "lakini Soko ni la huku, la Mzimba," yaani wilaya ya Wangoni wa kaskazini mwa Malawi. Alisema hivyo tu akagonga muhuri, mtu wa nyuma yangu akasogea, mimi nikabaki nmesimama pembeni na begi langu. Mara ya kwanza kwenye maisha yangu mtu kalisoma jina langu na hakufikiria nyanya.

Karonga, alafu barabara inapanda milima ziwa likiwa chini kushoto, Mzuzu nmefika giza limeshaingia.

Siku ya 6

Hii siku niiandike yote kwa sababu ndo siku yenyewe.

Kwenye basi dogo la kwenda Mzimba nmekaa na mama mmoja mtu mzima ana kuku kwenye kapu. Kasalimia kwa Kitumbuka, nikajibu kwa Kiswahili, akacheka, kumbe Kiswahili anakijua kidogo, wengi huku kaskazini wanakijua kwa ajili ya biashara na Mbeya. Akauliza jina. Nikasema Soko. Akaweka kapu chini kabisa, akanishika mikono yote miwili akasema "NyaSoko!"

Kwa Kitumbuka mwanamke anaitwa kwa ukoo wa baba yake na hilo Nya mbele. Hata uolewe miaka 50, uzae watoto 10 wa ukoo mwingine, wewe ni NyaSoko mpaka unazikwa. Akaanza kunitambulisha kwa basi zima, huyu ni NyaSoko katoka Tanzania, watu wanageuka wananisalimia, "yewo NyaSoko, yewo". Nikageukia dirishani maana machozi yalikua yashafika.

Mama yule hakua Soko ila mume wa dada yake ni Soko. Tukashuka wote, akanipeleka.

Mzee huyo aliendesha malori ya kuja bandarini Dar miaka mingi, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha vijana wetu. Nilimwita babu, akasema hapana, daftari lako linaonyesha umri wako na wangu, niite baba mkubwa. Akaagiza maji, tukakaa chini ya mwembe, nikamsomea daftari toka chini kwenda juu. Nilipofika kwenye neno la mwisho, Uzulu, akainua mkono.

Akasema "Hapo sipo."

Akaanza kunieleza polepole na mimi naandika. Zwangendaba, yule kiongozi aliyewatoa Wangoni kusini, alikua wa ukoo wa Jere. Aliondoka kule baada ya Shaka mfalme wa Wazulu kumshinda Zwide mfalme wa Wandwandwe, 1819 hivi, akapita Msumbiji ya kusini akaingia nchi ya Warozvi, Zimbabwe ya leo. Watu aliotoka nao hawakua wengi. Kila nchi waliyopita walichukua vijana na wanawake, kijana anawekwa kikosi kimoja na wa rika lake, anafundishwa mkuki, anapigana, akirudi hai amekua Mngoni. Wakati wanafika huku jeshi lilikua kubwa mara nyingi zaidi ya lilivyoanza, na wengi wao hawajawahi kuuona Uzulu. Ukitaka kujua nani alitoka wapi usiangalie ngao wala ngoma, uliza ukoo. Jere, Nkosi, Nqumayo, hao ni wa kusini kabisa. "Moyo na Soko ni Wakalanga, tumetoka kwa Washona. Tulitekwa."

Nikamwambia baba mkubwa, lakini babu yake shangazi alikua na tundu la sikio. Akaniangalia kwa muda. Akageuza kichwa akanionyesha sikio lake, halina kitu, alafu akasema baba yake yeye alikua nalo, na baba wa jirani yake ambaye ni Mtumbuka wa hapahapa alikua nalo. "Sikio walimtoboa kila waliyemwingiza. Tundu linakwambia nani alikuchukua, mwanangu. Jina ndo linakwambia ulichukuliwa wapi."

Nilikaa kimya. Nilikua namfikiria baba alivyokua anakaa wima akisema sisi ni Wazulu.

Yule mzee nadhani aliona, kwa sababu hakuniacha hapo. Akasema usidhani ni aibu, mtoto wa miaka kumi aliyekokotwa toka kwao, akatobolewa sikio, akabadilishiwa lugha, akapewa ngao, akala chakula cha waliowaua wazazi wake, kitu kimoja tu alichokatalia ni ukoo wake, na watu wa Zwangendaba wakamwachia. Kitendo hicho cha kuwaacha mateka na koo zao kiliwasaidia maana watu wa ukoo mmoja wasingeoana bila kujua. Nakiri mimi pia sikuishia kwenye faraja tu. Kijana huyo huyo alivyokua mkubwa na yeye alikwenda kuteka watoto wa watu wengine, na mwanae alivyofika Songea na jeshi la Zulu Gama miaka ya 1860 akawatawala Wandendeule. Bibi yangu mzaa baba alikua Mndendeule. Kwa hiyo kwenye damu yangu wapo wote wawili, na sina wa kumwondoa.

Nikamuuliza mwisho, Soko maana yake nini? Akasema kwani shangazi hakukwambia? Ni nyani. Ndo maana hatuli.

Nikamsimulia ya tumbili na mahindi, na majani ya kufunika aliyekufa, na meno. Akapiga makofi, akaita watu waje wasikie, akawatafsiria kwa Kitumbuka, "huko Songea nao wanasema meno yatang'oka!" Koo mbili zilizoachana zaidi ya miaka 170, toka Zwangendaba alipofia Ufipa na watoto na manduna wake wakagawana njia, M'mbelwa akaja huku, Mpezeni akaenda Zambia, Zulu Gama akaelekea Songea. Hawajawahi kuandikiana barua. Na wote hawarushi jiwe.

Kuna kitu kimoja nilikikumbuka usiku nmelala. Kiswahili chenyewe kina sokwe, na wazee walikua wanasema sokomtu. Livingstone alipokua Manyema kule Kongo aliandika habari za mnyama anayeitwa soko. Neno lilikua kwenye lugha yetu muda wote, tukaenda kulitafuta gengeni.

Siku ya 7

Mzee kanisindikiza mpaka barabarani. Jenda, Kasungu, Lilongwe. Nmebadilisha gari, Mchinji, boda ya pili, Mwami, nmeingia Zambia. Ofisa hakuuliza chochote kuhusu jina, kwake lilikua la kawaida kabisa kama Juma kwetu. Nmelala Chipata.

Siku ya 8

Chipata ni kwa Mpezeni, mtoto wa Zwangendaba, na watawala mpaka leo wanarithi jina hilo. Sherehe yao ya N'cwala ni mwezi wa pili kule Mtenguleni, sikuiwahi. Lugha nayo imepotea hapa kama kwetu, wanaongea Kinsenga na Kichewa. Nmezunguka mjini tu na kuangalia vibao, fundi cherehani mmoja ameandika Soko kwenye ubao wake, nikaingia nikamsalimia nikamwambia na mimi ni Soko. Akasema "karibu dada", kwa lugha yake, akaendelea kushona. Huku tuko wengi, hakuna wa kushangaa. Nilijisikia vizuri sana kutoshangaliwa.

Kaka kanipigia. Kaiona ile picha ya kitabu cha ubatizo. Kauliza utaratibu wa kurekebisha vyeti vya watoto ukoje.

Siku ya 9

Basi la Lusaka asubuhi, nmeshuka daraja la Luangwa mchana, joto la bonde lile ni la kukaa kimya. Toka hapo kuna gari za kushuka kusini mpaka Luangwa mjini, zamani waliita Feira. Tumejaa, magunia, watoto, mimi nmepakata daftari la babu kwenye mfuko wake wa nailoni. Nmefika jua linazama, nmepata gesti, nmelala bila kula.

Siku ya 10

Hapa mito miwili inakutana, Luangwa na Zambezi. Ukisimama ukingoni upo Zambia, mbele yako kushoto ni Zumbo, Msumbiji, na kulia ng'ambo ni Zimbabwe. Maji ni mapana, rangi ya udongo upande mmoja, upande mwingine yametulia zaidi. Mitumbwi inavuka na watu na baiskeli.

Wazee wanasema Zwangendaba alivuka maeneo haya, karibu na Zumbo, na wakati wanavuka jua likawa jeusi mchana. Wanahistoria walivyotafuta ni lini jua lilipatwa sehemu hizi wakapata tarehe 20 Novemba 1835. Wengine wanasimulia kwamba alipiga maji kwa fimbo yake yakaachana watu wakapita. Kwangu mimi inatosha kwamba walivuka na watoto wakawa wamefungwa au wamebebwa au wanatembea wenyewe, na giza likaingia saa za mchana, na mtoto mmoja hakujua kama jua litarudi.

Kwenye kivuli kulikua na baba mmoja Mzimbabwe, anauza samaki wakavu, anavuka kila wiki. Tukaongea kwa Kiingereza. Nilipotaja jina akaweka samaki chini, akakutanisha viganja akapiga makofi yale ya taratibu ya heshima, akasema kaka zako na baba yako wangekua kwetu tungewaita Mukanya. Ndo jina la heshima la wa Soko, hata yule mwanamuziki wao mkubwa Thomas Mapfumo watu wanamwita Mukanya, kwa sababu na yeye ni wa huko huko. Kwa Washona kila mtu ana mnyama wake au kiungo chake, hakili, na wa mnyama mmoja ni ndugu, wakipendana na undugu wao ukawa wa mbali inabidi ng'ombe atolewe kukata undugu kwanza. Moyo ndo walikua wafalme wa Rozvi, wale wale waliovunjwa na misafara ya Wangoni. Tembo kwao ni pundamilia. Nmewaza Tembo wangapi wapo Tanzania na kila mmoja anachorewa mkonga.

Nikamuuliza meno. Akacheka akafungua mdomo akanionyesha yake yote yapo, akasema yeye ni wa Shumba, simba, hajawahi kupata shida ya kujizuia. Alafu akawa makini akasema ndiyo, kwetu pia ukila mnyama wako meno yanatoka.

Nilimpigia shangazi saa nane mchana, mtandao unakatika unarudi. Nilimwambia yote, mjukuu kashika simu kwenye sikio lake. Nilimwambia tundu la sikio halikua la Uzulu. Nilimwambia tulitekwa toka ng'ambo ya mto ambao nauona hapa, na Soko ni nyani, na baba yake alisema kweli kwamba ni wenzetu. Alikaa kimya mpaka nikadhani simu imekatika.

"Huyo mtoto," akasema, "jina lake mwenyewe halijulikani?"

"Hapana shangazi. Ukoo tu."

"Daftari unalo hapo?"

"Ninalo."

"Usifute alichoandika baba. Juu yake andika Soko, alafu acha nafasi."

Nmeandika hapa ukingoni, daftari liko juu ya goti, S nmeizungusha mkia kama ile ya parokiani. Nafasi nmeacha mistari miwili.